Mtu wa Pili

Watu wengi niliofanya nao kazi London waliisema vibaya sheria ya kunyanyua wagonjwa, na mimi nilikuwa nawakatiza. Sheria yenyewe haikuwa na ubaya. Serikali ilisema mfanyakazi asinyanyue kwa mgongo wake mtu ambaye mashine inaweza kumnyanyua, na mwajiri ahakikishe amemfundisha namna ya kuitumia mashine hiyo. Hayo tu. Nilifika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya tisini, kabla sheria hiyo haijashika vizuri, na niliwaona wanawake waliolea wazee tangu ujana wao wakipanda basi huku wamejishika kiuno kama wajawazito. Kwa hiyo mtu akianza kulalamika mbele yangu kwamba Wazungu wamezidisha kanuni, nilikuwa napandwa na hasira. Kanuni zile ziliandikwa kwa ajili ya mgongo wako, dada, nilimwambia. Unalalamikia nini?

Nyumbani Kenya nilikuwa nesi. London vyeti vyangu vilitazamwa, vikageuzwa mbele na nyuma, nikarudishiwa na kuambiwa nisubiri. Tumbo halisubiri, nikaenda kuomba kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Lewisham, si mbali na soko. Nikapewa sare ya samawati, nikaanza kuwaosha, kuwalisha na kuwavalisha watu wa umri wa bibi yangu. Sheria ilipoanza kufuatiliwa kwa makini, meneja wetu alitafuta mtu wa kumtuma akasomee namna ya kuwafundisha wenzake. Akanichagua mimi. Nadhani ni kwa sababu nina sauti kubwa.

Ndivyo nilivyogeuka mwalimu wa hoisti. Hoisti ni mashine ya kumwinulia mtu asiyeweza kusimama. Ina magurudumu chini, mkono mrefu wa chuma juu, na kitambaa kigumu unachompitishia mzee mgongoni na chini ya mapaja, halafu unakitundika kwenye mkono wa mashine. Ukibonyeza kitufe, mzee anapanda polepole mpaka kitanda kinabaki chini yake. Kitambaa hicho kina jina lake la Kiingereza, lakini sisi Waafrika wa nyumba ile tulikiita mbeleko, na mwishowe hata Wajamaika wakawa wanasema mbeleko. Kanuni kubwa kuliko zote ilikuwa hii: hoisti ni ya watu wawili. Mmoja anaendesha, wa pili anamshika mzee asiyumbe, wametazamana, mzee katikati yao. Ukiwa peke yako, unamngoja mtu wa pili. Hata mzee akilia, unangoja. Niliirudia kanuni hiyo mpaka wenzangu wakanipachika jina, Bi Wawili-Wawili. Nikawaambia niiteni mnavyotaka, mradi mngoje.

Katika wanafunzi wangu wa kwanza alikuwamo mama mmoja wa Kikongo, mjane kutoka Bukavu, aliyekimbia vita na binti yake na kukaa miaka akisubiri karatasi za ukimbizi. Sote tulimwita Mama. Meneja wetu, maskini, alidhani ndilo jina lake la ubatizo, akaliandika hivyo hivyo kwenye rota, ile ratiba ya zamu. Kiswahili cha Mama kilikuwa cha Kongo na changu cha Mombasa, maana nilikulia kule kwenye nyumba za reli ingawa watu wangu ni wa magharibi ya Kenya. Alikuwa akinicheka kwamba nasema kama redio. Mimi nikimcheka kwamba anasema kama mtu aliyeazima maneno na hataki kuyarudisha. Tulipendana sana.

Siku ya mafunzo niliwalazimisha wote wapande hoisti wenyewe, ili wajue mzee anasikia nini akiwa hewani. Wengine walileta maringo. Mama alivua miwani, akajilaza kwenye mbeleko, na miguu yake ilipoacha sakafu akapiga ukelele, "Yesu wangu! Banapeleka mie mbinguni na viatu!" Tulicheka hadi nesi wa zamu akaja kuuliza kuna nini. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeitumia mashine vizuri kuliko yeye. Alikuwa akiweka mbeleko juu ya kipasha joto kwanza, isimguse mzee ikiwa baridi. Alikuwa akimweleza kila mzee, kwa Kiingereza chake cha chai na soksi, anampeleka wapi na kwa nini. "Huyu naye ni mama ya mutu," aliniambia.

Kisha mkwe wake akaja kufanya kazi pale pale.

Kwa asiyekulia kwenye desturi hii, nieleze kidogo. Kwa watu wa Mama, na kwa watu wangu vilevile, mwanamume na mama wa mke wake hawakaribiani. Si ugomvi. Ni heshima, tena heshima nzito kuliko nyingine zote. Hawapeani mikono, hawali meza moja, mkwe hakai kwenye kitanda alichokikalia mama, na zaidi ya yote hawaonani miili, wala hawasimami pamoja mbele ya uchi wa mtu mwingine. Baba yangu, mtu mkubwa wa reli aliyeogopwa na makarani, aliwahi kutoka kwa kupitia dirishani nyumbani kwetu kwa sababu bibi, mama wa mama yangu, alikuwa amesimama mlangoni akiongea na jirani na hakukuwa na njia nyingine ya kutoka. Tulicheka mpaka machozi, lakini kwa siri, chini ya meza.

Mama na mkwe wake walikuwa wakiishi nyumba moja huko Peckham, kwa sababu baraza la mji haligawi nyumba kwa kufuata heshima. Ilikuwa fleti ya ghorofani yenye ujia mmoja mwembamba, na ndani yake Mama, binti yake, mume wa binti na watoto. Waliipanga heshima yao ndani ya ujia ule kama watu wanaoendesha treni mbili kwenye reli moja. Mkwe alikohoa kabla ya kutoka chumbani, Mama akafunga mlango wake. Mama alikula chumbani. Wajukuu waliozaliwa London walikuwa wanaelewa kila neno na kujibu kwa Kiingereza, na mambo haya waliyaona ni vichekesho. Mkwe mwenyewe alikuwa kijana mpole, mrefu, aliyekuwa akisafiri kila siku hadi Hayes kupanga mizigo kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege. Kazi ile ilipokwisha, wakala wa kutafutia watu kazi akampeleka kulikohitajika watu. Mama alimkuta asubuhi moja kwenye mlango wa wafanyakazi, kavaa sare ya samawati kama yake. Aliniambia alitamani ardhi ipasuke.

Mwanzoni haikuwa shida. Yeye alikuwa ghorofa ya juu, Mama chini. Nilimfundisha hoisti naye akashika haraka, mikono yake ilikuwa mikubwa na mitulivu na wazee walimpenda. Halafu meneja akapunguza watu, akapanga rota upya, na kwenye rota ile mpya Mama na mkwe wake wakaandikwa pamoja, chini, mchana.

Nikaenda ofisini. Sikubisha hodi vizuri, nakumbuka, kwa vile mori ulikuwa umeshanipanda.

"Hawa wawili huwezi kuwaweka pamoja," nikamwambia meneja.

"Mama amefundishwa hoisti?"

"Amefundishwa."

"Yeye je?"

"Amefundishwa. Na mimi."

"Sasa shida iko wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, hadi dirisha la baba yangu, na hapo akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka jinsi mtu anavyocheka akisikia kisa cha mbali. Alikuwa mwanamke aliyechoka, hana watu wa kutosha, na simu ilikuwa ikilia pembeni. Akasema pale kazini hakuna mama mkwe, kuna wafanyakazi, na akianza kupanga rota kwa mambo ya ukoo hataimaliza. Nikamwambia uchi wa mzee si jambo la ukoo tu, watu hawa wawili watasimama ana kwa ana juu yake mara ngapi kwa siku? Akasema, "Ni watu wazima. Watazoea." Nikatoka.

Basi tukajipangia wenyewe, kimyakimya. Mama akihitaji mtu wa pili, mkwe alipanda ghorofani, nilikokuwa zamu mimi, kuchukua nafasi yangu, mimi nikashuka. Meneja hakujua, au alijua akanyamaza. Wazee hawakujua. Magoti yangu ndiyo yaliyojua, kwa zile ngazi. Lakini iliwezekana, na kwa muda nikadhani tumewashinda wote, sheria, rota na desturi pamoja.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, baada ya chakula cha mchana. Chini kulikuwa na bibi mmoja Mwingereza, mnene, aliyewahi kuwa mpishi wa shule, ana mdomo mkali na anampenda Mama kuliko watoto wake mwenyewe. Aliomba choo. Mama alimsogezea hoisti, akampitishia mbeleko, kisha akamwambia mkwe, aliyekuwa upande wa pili wa mlango, amwite yule wa juu. Yule wa juu ni mimi.

Na mimi wakati ule nilikuwa na mzee hewani. Mimi na nesi mmoja tulikuwa tumeshamwinua kutoka kitandani, ananing'inia, amenishika kola. Mkwe akatokea mlangoni, anahema, akasema, "Dada, chini banakuita." Nikamwambia ngoja nimshushe. Mzee ukimwacha hewani anaogopa, anajipinda, anaweza kuponyoka. Kwa hiyo tulimshusha polepole, kama inavyotakiwa, tukamfungua mbeleko, tukamweka mto. Sikuchelewa. Nimeyapitia mambo yale tena na tena na bado nasema sikuchelewa. Nikamwachia mkwe nafasi yangu, nikashuka.

Chini, yule bibi hakuweza kungoja. Aliona aibu ya kujichafua mbele ya watu, akaanza kujisukuma atoke kwenye kiti mwenyewe, na miguu yake ilikuwa haimbebi tangu zamani. Alikuwa anateleza kwenda sakafuni. Mama akamdaka. Akamkumbatia kifuani kwa mikono miwili na kumnyanyua mzimamzima, mwanamke mnene kuliko yeye, akamkalisha juu ya kiti cha choo.

Nilipofungua mlango, bibi alikuwa amekaa salama, analia, anampapasa Mama kichwani. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, mikono bado imemzunguka, uso kwenye paja la yule bibi. Nilidhani wanasali.

"Sikumwangusha," Mama akasema.

"Simama, Mama."

"Siwezi. Miguu siisikie."

Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali, akapasuliwa mgongo. Daktari alieleza kwamba kitu kilikuwa kimechomoka kati ya mifupa na kubana mishipa ya miguu. Walifanya waliloweza. Tulingoja miguu irudi, wiki zikapita, na haikurudi.

Huku nyuma meneja alikuwa ameshatoa taarifa kama sheria inavyotaka. Nilijua imesemaje, kwa sababu aliniita kuthibitisha upande wangu. Mfanyakazi alifundishwa, mwalimu yupo, cheti kipo. Mashine ilikuwa chumbani, nzima. Mtu wa pili alikuwa amepangwa zamu ile ile, ghorofa ile ile. Mfanyakazi aliamua kunyanyua peke yake. Kila neno lilikuwa kweli. Ukiyaunganisha yanasema kwamba mgongo ule ni shauri yake mwenyewe, na kwamba mama yule, ambaye hakuwahi kumwangusha mtu, alihatarisha maisha ya mzee kwa ukaidi. Kama taarifa ingepita hivyo, asingepata chochote wala asingepewa kazi ya kutunza watu tena, hata ya kukaa mezani. Nililia kwenye choo cha wafanyakazi, nikaosha uso, nikarudi kazini.

Mkaguzi wa serikali alikuwa mzee mfupi mwenye mafua, anajifuta pua na kuomba radhi kila mara. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Alikuja wodini mchana, akavuta kiti, akamuuliza Mama kwanza kama ana maumivu. Mimi nilikuwepo kutafsiri. Lakini kabla hajafika, Mama alikuwa amenishika mkono kwa nguvu.

"Usiseme kitu ya mukwe," aliniambia. "Ile ni mambo ya nyumba. Haiendake kwa serikali."

"Mama, watasema ni kosa lako."

"Baseme. Aibu yangu ni kubwa kupita mugongo."

Mkaguzi akauliza kama alijua kwamba hoisti inahitaji watu wawili.

"Nilijua," Mama akajibu, akanielekezea kidevu. "Huyu njo alinifundisha." Njo yake ni ndiye yetu.

"Mtu wa pili alikuwepo?"

"Alikuwako."

"Kwa nini basi hakukusaidia?"

Mama akatazama dirishani. "Nilisahau kumwita."

Nikatafsiri: anasema alisahau kumwita. Mkaguzi akaanza kuandika, na mimi nikiitazama kalamu ile nikaona inammaliza Mama, hivi hivi, kwa adabu, ikiandika uongo alioutoa mwenyewe. Sikuvumilia. Nikamwambia mkaguzi, "Hayo ni maneno yake nami nimeyafikisha kama yalivyo. Sasa sikiliza yangu."

Nikayasema yote. Mama hakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata kila kitu, lakini maneno ya ukwe aliyajua. Aliniita jina langu mara moja, kwa sauti ya chini. Sikunyamaza. Akavuta shuka akajifunika uso, na chini ya shuka ile akabaki mpaka tulipoondoka.

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Akauliza, "Meneja alijua haya?"

"Nilimwambia mwenyewe, ofisini kwake."

"Akafanyaje?"

"Akacheka. Akasema watazoea."

Akapenga kamasi, akatazama ile shuka. Kisha akasema taratibu kwamba sheria inamtaka mwajiri amwangalie mfanyakazi aliye naye, hali yake na uwezo wake, si mfanyakazi wa kwenye kitabu. Akaniomba nirudie tangu mwanzo, polepole.

Tulishinda. Kosa lilitolewa kwa Mama likapelekwa kwa wenye nyumba ile ya wazee, na haki yake akapewa. Meneja aliondoka. Walioajiriwa baadaye waliulizwa, kabla ya kupangiwa rota, kama kuna mtu ambaye hawawezi kusimama naye juu ya mwili wa mgonjwa, na niliambiwa mimi ndiye niulize swali hilo. Nililiuliza miaka mingi. Mmoja alijibu kwamba hawezi kusimama na dada yake kwa sababu ana mdomo mchafu, nikamwambia hilo mtazoea.

Lakini ili kushinda, mkwe naye alihojiwa. Alikalishwa ofisini mbele ya watu asiowajua, akaelezea kwa nini hawezi kumkaribia mama wa mke wake, na aliwahi kumkaribia hadi wapi, na wakikutana kila mmoja aliangalia upande gani. Maneno yale yalifika kanisani kwao Peckham, usiniulize kwa njia gani. Watu wakawa wanampa pole huku wakimkagua usoni. Na Mama akaacha kusema nami. Nilipokwenda kumwona aligeukia ukuta. Nikipiga simu, binti alisema Mama amelala, na kwa nyuma nasikia Mama anaimba. Mpaka leo ukiniuliza kama ningenyamaza, nitakwambia hapana, ningesema tena. Lakini niliumia. Nilikuwa na watu wachache London, na yeye ndiye aliyekuwa akinicheka.

Miezi ikapita, Mama akarudishwa nyumbani Peckham akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Baraza la mji likaleta hoisti, ikawekwa chumbani kwake, imejaza nafasi yote kati ya kitanda na kabati. Asubuhi walikuja wanawake wawili wa baraza kumwamsha na kumwosha. Jioni hawakuja. Ofisa alisema nyumba ile ina watu wazima wawili wenye afya, na mmoja wao amefundishwa hoisti kazini na ana cheti. Cheti chenyewe nilikitoa mimi.

Binti alinipigia analia. "Dada, nitafanya aje? Mama anasema heri alale kwenye kiti." Kulala kwenye kiti hakukuwezekana. Mtu asiyesikia miguu yake akikaa mno, nyama ya makalio inaoza bila yeye kujua, na Mama alikuwa ameshaanza kuwa na kidonda. Nikamwambia, nitakuja mimi. Niwe mtu wa pili.

Basi kila jioni, nikitoka kazini, nilipanda basi kutoka Lewisham hadi Peckham. Mkwe akiniona kwenye ujia, alivaa koti akashuka chini, na hakupanda mpaka niwe nimeondoka. Mimi na binti tulimvua Mama, tukampitishia mbeleko, tukamwinua. Hakunisemesha. Alikuwa akimwambia binti yake, "Ambia ule asivute sana," na mimi ule sikuvuta sana. Nilikuwa nimeipasha mbeleko moto kwanza. Nilikwenda hivyo majira yote ya vuli, nina mafua, nina usingizi, siku nyingine nina hasira za kumwuliza, Mama, mpaka lini? Sikumwuliza. Heshima yake ilikuwa imebaki imeshikiliwa na mimi peke yangu, tena na mimi niliyemwumbua.

Jioni moja ya baridi theluji ilianguka. Haikuwa theluji ya ajabu, lakini London ikiona theluji hupoteza fahamu. Mabasi yalisimama barabarani yamewasha taa, madereva wameshuka wanavuta sigara. Nilimpigia binti, nikamwambia niko njiani. Akasema kidonda kimefunguka, wanawake wa asubuhi walikuwa wamekiona, wamesema asikae zaidi ya mchana, na sasa ni jioni na bado amekaa. Sauti yake ilikuwa ikikatika. "Anatetemeka, dada." Nikamwambia mngojeni, nakuja. Nikaanza kutembea. Nilitembea sehemu kubwa ya njia, viatu vimelowa, naanguka na kuinuka, namtukana kila aliyewahi kupanga ratiba ya mabasi.

Nilipofika kwenye jengo lao, mkwe alikuwa amesimama chini, kando ya mapipa ya taka, hana koti, ana shati tu. Theluji ilikuwa imemkaa mabegani. Alipoinua uso nikajua.

"Ilibidi, dada," akasema. "Alikuwa anaumia."

Nikapanda ngazi. Binti alikuwa jikoni, anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nikaingia kwa Mama. Alikuwa kitandani, amelazwa ubavu kama inavyotakiwa ili kidonda kisibanwe, mto mmoja mgongoni na mwingine kati ya magoti, shuka imenyooshwa mpaka shingoni. Hoisti ilikuwa imerudishwa ukutani na breki zake zimefungwa. Kila kitu kilikuwa sawasawa.

Nilisimama pale nikidondosha maji kwenye zulia. Mama akanitazama. Alikuwa hajanitazama tangu hospitali.

"Alifanya muzuri," akaniambia. "Hakusahau kitu. Alifunga macho, njo bibi yake, mutoto yangu, alikuwa anamwambia mukono upeleke wapi. Ulimufundisha muzuri."

Nikasema, "Asante, Mama." Akafumba macho, machozi yakamtoka yakaingia kwenye mto, naye hakuyafuta. Nikamfuta mimi, akaniacha.

"Mwambie apande," akasema. "Inje iko baridi."

Nikashuka kumwita. Nilimwambia ndivyo alivyosema mwenyewe, kwa mdomo wake. Akatikisa kichwa. Nikampa skafu yangu, nikamwambia ataugua, nikamgombeza kwa sauti kubwa mpaka jirani akafungua dirisha. Hakupanda. Alikuwa akiitazama mikono yake, ameinyoosha mbele kidogo, mbali na mwili, kama mtu anayengoja iletwe sabuni.